Ukumbi wa Watu 64,000



Leo naanza na barua. Msikilizaji wetu mmoja anayeishi katika mwambao wa Batinah, nchini Oman, ametuandikia kuhusu tarehe 3 Oktoba 2021, siku ambayo kimbunga Shaheen kiliingia nchi kavu karibu na kwao. Anasema kwamba siku chache kabla yake aliona katika televisheni ramani yenye njia nyingi za kimbunga hicho, zimetawanyika kama nyuzi zilizofumuka kwenye ncha ya kamba. Nyuzi nyingine zilielekea Iran, nyingine zilipotelea baharini, na nyingine zilipita juu ya mji wake. Maswali yake ni mawili. La kwanza: ikiwa kompyuta hizo zina uwezo mkubwa kama tunavyoambiwa, mbona hazikutaja njia moja? La pili: kwa nini husemwa kwamba kompyuta moja ya utabiri ni kompyuta elfu nyingi zilizofungwa pamoja, je, haikuwezekana kutengeneza moja tu yenye nguvu?

Kwa idhini yake nitaanza na swali la pili, kwani jibu la kwanza limo ndani yake. Na ili kulijibu itatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 100, hadi Ufaransa, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Katika vita hivyo palikuwa na dereva mmoja wa gari la wagonjwa, Mwingereza, jina lake Lewis Fry Richardson. Alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Quaker, ambao dini yao inawakataza kushika silaha, na kwa hiyo mwaka 1916 aliacha kazi yake katika idara ya hali ya hewa ya Uingereza, akaenda kubeba majeruhi. Alichukua pamoja naye hesabu zake. Alipopata nafasi ya kupumzika, ofisi yake ikiwa ni lundo la nyasi kavu katika banda lenye baridi, aliketi na kalamu na kujaribu jambo ambalo halijapata kufanywa na mtu: kutabiri hali ya hewa kwa hesabu tupu.

Wazo lenyewe si gumu kulieleza. Hewa ni kitu, kina uzito, na kinatii sheria za fizikia kama jiwe linavyotii linapoanguka. Ikiwa tunajua mgandamizo wa hewa, joto, unyevu na mwendo wa upepo mahali fulani sasa hivi, sheria hizo zinatuambia yatakuwaje baada ya muda mfupi. Wazee wetu wa baharini waliijua kusi na kaskazi kwa majira, kwa nyota na kwa rangi ya mawingu. Richardson alitaka kuijua kwa milinganyo.

Tatizo ni kwamba milinganyo ya hewa haina jibu moja linaloweza kuandikwa kwenye mstari mmoja likawa limekwisha. Inabidi anga ligawanywe vipande vipande, mfano wa ubao wa drafti, na kila mraba uhesabiwe peke yake, hatua kwa hatua. Richardson aliigawanya Ulaya ya kati katika miraba yenye upana wa kilomita 200 hivi, na juu ya kila mraba akaweka tabaka tano za hewa. Akachagua asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokuwa na vipimo vingi vilivyohifadhiwa, akataka kujua kilichotokea katika muda wa saa sita karibu na mji wa Munich. Hesabu za saa hizo sita, kwa nguzo mbili tu za hewa, zilimchukua takriban majuma sita.

Na jibu lilikuwa kosa tupu. Hesabu zake zilisema kwamba mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145. Katika hali halisi siku ile haukubadilika sana. Kana kwamba hilo halikutosha, mwaka 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, mswada wake ulipelekwa nyuma ya uwanja wa vita ukapotea, ukaja kupatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Mtu mwingine angaliuacha hukohuko kwenye makaa. Richardson aliuchapisha kuwa kitabu mwaka 1922, kosa lake likiwa limewekwa wazi kabisa ili wengine walione. Binafsi namheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu zenyewe. Na ndani ya kitabu hicho aliweka ukurasa mmoja wa ndoto, ambao ndio unaotuhusu leo.

Alisema: tuwazie ukumbi mkubwa wa duara, mithili ya jumba la michezo ya kuigiza, ambao kuta zake za ndani zimechorwa ramani ya dunia nzima. Dari ni Ncha ya Kaskazini, sakafu ya chini ni Ncha ya Kusini, na nchi za joto zimo katika mojawapo ya roshani za katikati. Katika kila sehemu ya ramani wameketi wakokotoaji, watu wenye kalamu na karatasi, kila kikundi kikihesabu kipande chake cha hewa. Alikisia kwamba ili kwenda sawa na mwendo wa hewa yenyewe wangehitajika watu 32 kwa kila mraba, na kwa kuwa miraba ya dunia nzima ni 2,000, jumla yao ni watu 64,000. Tukumbuke kwamba wakati ule neno hili la Kiingereza tuliloligeuza kuwa kompyuta lilikuwa jina la mtu, yaani mtu ambaye kazi yake ni kukokotoa.

Lakini uzuri wa ndoto hiyo haumo katika wingi wa watu. Umo katika mambo mawili madogo. La kwanza, kila kikundi kina kibao kinachoonyesha tarakimu zake za karibuni, ili majirani wazisome. Maana upepo unaotoka katika mraba wangu unaingia katika mraba wako, na siwezi kuendelea na hatua ya pili bila kujua kilichotoka kwako katika hatua ya kwanza. La pili, katikati ya ukumbi imesimama nguzo ndefu yenye mimbari juu yake, na msimamizi ameketi hapo kama kiongozi wa bendi. Kikundi kinachokimbia mno anakimulikia mwanga wa rangi ya waridi. Kinachochelewa anakimulikia mwanga wa buluu.

Wasikilizaji wapenzi, mtu aliyeandika maneno hayo hakupata kumiliki kompyuta hata moja ya umeme. Hata hivyo, ukiingia leo katika kituo chochote kinachoiga mwendo wa hewa, wa bahari, wa moto au wa nyota, utawakuta watu wakishughulika na mambo hayohayo mawili: namna ya majirani kupashana habari, na namna ya kuhakikisha hakuna anayewachelewesha wenziwe.

Kwa nini basi haitoshi kuwa na kompyuta moja yenye mbio? Hebu tufanye hesabu. Tuseme miraba yetu ina upana wa kilomita 100. Kuna kanuni, iliyoelezwa mwaka 1928 na wanahisabati watatu wa Kijerumani, Courant, Friedrichs na Lewy, inayosema kwamba katika njia ya kawaida ya kuhesabu, hatua ya wakati isiwe ndefu kiasi cha wimbi kuvuka mraba mzima kabla hujaangalia tena. Mawimbi ya mbio zaidi katika hewa huenda takriban mita 300 kwa sekunde. Kwa hiyo kwa mraba wa kilomita 100, hatua ni kama dakika tano. Sasa tukitaka kuona vizuri zaidi, tupunguze mraba uwe wa kilomita 10. Miraba imeongezeka mara 100. Lakini hatua nayo imepungua ikawa nusu dakika, yaani idadi ya hatua imeongezeka mara kumi. Kazi yote imekuwa mara 1,000, na hatujaongeza hata tabaka moja la hewa. Hakuna fundi awezaye kutengeneza prosesa moja yenye mbio mara 1,000 kuliko ya jana kila mtu anapotamani kuona vizuri mara kumi. Ndiyo maana kazi hugawanywa.

Hapa kuna mtego, na aliyeueleza kwa uwazi ni mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, mwaka 1967. Mfano wake tunao nyumbani. Katika pishi la arusi, akina mama 20 wakikusanyika, kazi ya kuchagua mchele na kumenya vitunguu saumu humalizika kufumba na kufumbua. Lakini sufuria ikishapaliwa makaa juu ya kifuniko, wawe 20 au 200, wali utaiva kwa wakati wake. Amdahl alisema vivyo hivyo kuhusu kompyuta: ikiwa sehemu moja katika 20 ya kazi haigawanyiki, basi hata ukileta wakokotoaji wote 64,000 wa Richardson, kazi haitakwenda mbio zaidi ya mara 20. Kwa miaka mingi wataalamu walilichukua neno hilo kama hukumu. Mwaka 1985 mmoja wao, Alan Karp, aliahidi kutoa dola 100 kutoka mfukoni mwake kwa yeyote atakayeonyesha kazi ya kweli iliyoharakishwa angalau mara 200 kwa kutumia kompyuta nyingi kwa pamoja.

Alilipa. Katika maabara ya Sandia, Marekani, John Gustafson na wenzake wawili walichukua mashine yenye prosesa 1,024 na kuipa matatizo matatu ya fizikia: mawimbi, mwendo wa vitu vya majimaji, na kupinda kwa boriti ya chuma. Mwaka 1988 walitangaza kwamba kazi zilizokuzwa kulingana na ukubwa wa mashine zilikwenda mbio zaidi ya mara 1,000. Hawakuwa wamevunja kanuni ya Amdahl. Walichosema, kwa lugha ya pishi letu, ni kwamba hakuna mtu anayewaita akina mama 200 ili wapike sufuria moja. Huwaita kwa sababu wageni ni wengi na sufuria ni nyingi. Mwanafizikia akipewa mashine kubwa hamalizi kazi ya jana mapema akaenda kulala. Huongeza miraba.

Baina ya Richardson na hao wa Sandia alipita mtu mwingine, nami sitaki kumruka. Mwaka 1950, huko Aberdeen katika jimbo la Maryland, Jule Charney na wenzake, pamoja na mwanahisabati John von Neumann, walitumia mashine ya ENIAC kutoa utabiri wa kwanza wa hesabu kwa kompyuta ya umeme. Programu iliangaliwa na mkewe von Neumann, Klara, ambaye vitabu vingi vimemsahau. Utabiri wa saa 24 ulichukua takriban saa 24 kuhesabiwa, yaani kesho ilitabiriwa ilipokwisha kufika. Hata hivyo ramani zilifanana na ukweli. Charney alimpelekea matokeo mzee Richardson, ambaye alifurahi, na kwa unyofu wake akafanya jaribio dogo: alimwonyesha mkewe, Dorothy, ramani hizo na kumwuliza ipi inashabihiana zaidi na hali halisi. Mama huyo aliupa utabiri ushindi, lakini mwembamba. Richardson alifariki mwaka 1953. Baadaye Peter Lynch, mtaalamu wa Ireland, alizirudia hesabu zake za mwaka 1910 na kuonyesha kwamba njia ilikuwa sahihi; ubaya ulikuwa katika vipimo vya kuanzia, ambavyo havikulingana vyema, upepo na mgandamizo kila kimoja kikivuta upande wake. Alipovisawazisha, zile milibari 145 zilitoweka.

Sasa narudi kwa msikilizaji wetu wa Batinah na nyuzi zake zilizotawanyika.

Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kilichoundwa mwaka 1975 na ambacho mashine zake zimekuwa Bologna, Italia, tangu 2022, hakitoi utabiri mmoja. Hutoa 51 kwa pamoja. Kila mmoja huanza na hali ya hewa iliyotofautishwa kidogo sana, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika kamili upepo wa sasa ulivyo katika kila pembe ya bahari. Kila uzi alioona ni dunia moja iliyohesabiwa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikibaki pamoja, watabiri huongea kwa kujiamini. Zikifumuka, hunena kwa tahadhari. Na Shaheen kilikuwa na sababu ya kufumua nyuzi. Kilizaliwa kutokana na mabaki ya kimbunga kingine, Gulab, kilichotoka Ghuba ya Bengal, kikaivuka India nzima, kikajikusanya upya katika Bahari ya Arabuni, kisha kikaingia Ghuba ya Oman na kugeukia magharibi, njia ambayo ni nadra mno. Gonu cha Juni 2007, ambacho watu wa Muscat, Sur na Qurayyat hawajakisahau, kilitokea kusini mashariki. Huyu alitokea upande wa bahari usiozoeleka. Kwa hiyo, ndugu yangu, ramani ile haikushindwa kutaja njia moja. Ilikuwa inasema ukweli kuhusu kiasi cha kutojua, na uzi mmojawapo ulipita juu ya mji wako. Lau ingechorwa njia moja tu, na ikawa ile ya Iran, ungelala bila wasiwasi.

Wasikilizaji wa Mwanza, Kisumu na Entebbe huenda wanauliza: na sisi je? Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Katika miraba ya Richardson lingeenea katika miraba isiyofika miwili. Hata kwa miraba ya kilomita 100 ni saba tu. Na dhoruba zinazowaua wavuvi ziwani humo huzaliwa usiku, wakati upepo wa nchi kavu unaposhuka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto, hewa ikalazimika kupanda. Mawingu hayo yana upana wa kilomita chache. Kwa mraba mkubwa hayaonekani, kama vile wavu wa sangara usivyonasa dagaa. Ndiyo sababu ilikuwa ni habari kubwa idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilipoanza kuliiga ziwa hilo kwa miraba ya kilomita nne, na mwaka 2018 ilipochapisha uigaji wa hali ya hewa ya Afrika nzima kwa miraba ya kilomita nne na nusu. Mpaka wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuzoea kuonwa kwa karibu namna hiyo.

Niseme pia habari ya mashine moja, kwani inanigusa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, kilizindua kompyuta iliyoitwa Ranger. Ilikuwa na viini vya kukokotoa 62,976. Ni karibu sawa na ukumbi wa Richardson, pungufu ya watu 1,024 tu. Ilipostaafishwa mwaka 2013 haikutupwa. Vipande vyake vilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili vijana wajifunze kazi hiyo. Nimesikia wengine wakibeza kwamba ni mtumba. Ni mtumba, ndiyo. Lakini mwanafunzi hafundishwi kugawanya kazi baina ya prosesa 1,000 kwa kuchorewa ubaoni, na anayejua kufanya hivyo kwa mashine kuukuu hahitaji kufundishwa upya akipewa mpya. Tangu mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa shirika la NASA walikwisha kuonyesha kwamba kompyuta 16 za kawaida, zikiunganishwa kwa nyaya, zinaweza kufanya kazi kama mashine moja, na vyuo vingi vyenye fedha kidogo viliiga.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mwaka 2022 mashine iitwayo Frontier, iliyoko Oak Ridge, Tennessee, ilikuwa ya kwanza katika orodha ya kimataifa kuvuka kiwango cha hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, ikila umeme wa megawati zipatazo 21. Mwaka uliofuata wataalamu waliitumia kuiga anga la dunia nzima kwa miraba inayozidi kidogo kilomita tatu, wakapata zaidi ya mwaka mmoja wa hali ya hewa kwa kila siku moja ya kazi. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kosa la Richardson halikutokana na uchache wa wakokotoaji; lilitokana na vipimo vya kuanzia. Na vituo vinavyopima upepo na mgandamizo wa hewa katika sehemu kubwa ya bara letu ni vichache mno, vikiwa vimeachana kwa mamia ya kilomita. Hata programu mpya za akili bandia, ambazo tangu mwaka 2023 zinatoa utabiri kwa dakika chache bila kupitia milinganyo, zilifunzwa kwa rekodi za miaka mingi ya hali ya hewa zilizounganishwa kwa uigaji huuhuu wa fizikia, na mahali ambapo hapakuwa na kituo, rekodi hizo nazo ni makisio. Mimi ningepewa kuchagua baina ya prosesa nyingine 10,000 ughaibuni na puto moja la kupima hewa litakalorushwa kila asubuhi kutoka kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, ningechagua puto.

Msikilizaji wetu wa Batinah amemalizia barua yake kwa kusema kwamba mtende ulioko mbele ya nyumba yake uliinamia upande wa bara usiku ule, na haujainuka mpaka leo. Tunamshukuru kwa barua yake, na tunamwomba atupigie picha ya mtende huo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia namna wanavyopima upepo mahali ambapo hapana mtu wa kuupima, kwa kutumia setilaiti. Hadi wakati huo, kwaherini.